MWENDA JEAN BOSCO, MPIGA GITAA WA NG'AMBO YA ZIWA



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tumependa kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuzaliwa Mpanda wala hakuishi huku kwetu. Hata hivyo asili ya watu wake, lugha aliyoimbia, na njia waliyoipita adui za wazee wake, vyote vinagusa nchi yetu hii ya Katavi. Mtu huyo ni marehemu Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa na mtunzi wa nyimbo kutoka Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alizaliwa mwaka 1930, akafariki mwaka 1990.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo halikosekani katika nyumba yenye kijana apendaye kupiga ala. Wazazi humwambia kwamba gitaa halijazi sufuria, kwa hiyo aliache akatafute kazi. Kijana naye hujibu, kwa mdomo au kwa kununa, kwamba kama hawezi kula kwa gitaa lake basi maisha yake yamepotea. Nyumba hugawanyika kwa jambo hilo, na tumeona gitaa likivunjwa, na tumeona kijana akiondoka kwao usiku. Wazazi na vijana wote hudhani kwamba njia ni mbili tu. Maisha ya Mwenda Jean Bosco yanatuonyesha kwamba ilikuwapo njia ya tatu, nayo haikuwa nyepesi.

ASILI YA WATU WAKE

Mwenda alikuwa mtu wa kabila la Bayeke, wa mji wa Bunkeya katika Katanga. Wazee wetu wa Kinyamwezi, Kisumbwa na Kikonongo watalitambua kabila hilo mara moja, kwa maana Bayeke walitoka huku kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Usumbwa na Unyamwezi walikuwa wakisafiri hadi Katanga kununua shaba, ambayo wenyeji wa huko waliiyeyusha na kuimimina katika umbo la msalaba. Mmoja wa wafanyabiashara hao aliitwa Kalasa. Mwanawe, ambaye historia inamjua kwa jina la Msiri, alibaki huko, akajipatia nguvu kwa biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, na kwa bunduki, akawa mfalme mkubwa mwenye makao yake Bunkeya. Watu wake ndio walioitwa Bayeke, na lugha yao hadi leo ni ndugu wa karibu wa Kisumbwa. Jina la Mwenda ni jina la kifalme la ukoo huo.

Mwaka 1891 Wazungu waliokuwa wakigombea nchi ya Katanga walituma msafara chini ya Kapteni William Stairs kwenda kumtiisha Msiri kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msafara huo ulitoka Bagamoyo, ukapita Tabora, ukafika Karema, na hapo Karema ukavuka ziwa. Wasomaji wetu wa Karema na Ikola wajue basi kwamba pwani yao ndiyo iliyoshuhudia safari hiyo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa Bunkeya, na Katanga ikawa mali ya Leopold.

Tumeyataja hayo ili ieleweke kwamba huyu tunayemsimulia si mgeni kabisa. Wazee wake walitoka upande wetu wa ziwa wakiwa wabeba mizigo na wanunuzi wa shaba, na miaka mingi baadaye nyimbo zake zilirudi huku kwa Kiswahili tunachokielewa.

MJI WA MIGODI

Bunkeya haiko mbali na mji ambao wakati huo uliitwa Jadotville, na ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Huo ni mji wa migodi. Kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa Union Minière ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, watu wa Ruanda na Burundi, na hata watu waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo wakashika Kiswahili. Kiswahili chao kina namna yake. Wao husema muke tunaposema mke, na mutoto tunaposema mtoto. Lakini mtu wa Mpanda akiketi nao jioni moja, kesho yake ataelewana nao bila taabu.

Wazee wa Mpanda wanaelewa mji wa namna hiyo ulivyo, kwa kuwa na sisi tulikuwa na mgodi wa risasi uliofungwa mwaka 1960, na reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi huo. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, na watu hukutana na watu wasio wa kabila lao. Duka huuza vitu vilivyotoka mbali, na miongoni mwa vitu hivyo lilikuwamo gitaa.

Katika miji ya migodi ya Katanga gitaa lilipata wapenzi upesi. Halikuhitaji watu wengi kama ngoma za jadi, na mtu mmoja aliyetoka kazini aliweza kukaa mbele ya nyumba yake akaburudisha mtaa mzima. Mwenda alijifunza katika mazingira hayo, kwa kusikiliza na kwa kutazama vidole vya wengine. Alisikia nyimbo za wenyeji wa mashariki ya Kongo na za watu wa Zambia. Alisikia pia santuri za Kuba, kama zile za kundi la Trio Matamoros, na muziki wa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizoonyeshwa mijini. Yote hayo aliyachanganya, na kilichotoka kilikuwa chake mwenyewe.

JINSI ALIVYOPIGA

Hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji wasiopiga ala, kwa sababu bila kueleza jambo hili sifa ya Mwenda haieleweki.

Mpiga gitaa wa kawaida hukwaruza nyuzi zote sita kwa pamoja ili kusindikiza sauti yake. Mwenda hakufanya hivyo. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea juu ya nyuzi nene, likienda na kurudi kama miguu ya mtu atembeaye, likatoa sauti nzito ya chini. Wakati huo huo kidole cha shahada kilichagua nyuzi nyembamba kikatoa wimbo wa juu. Kwa hiyo aliyesikiliza bila kuona aliweza kudhani kwamba wako wapigaji wawili, na sauti ya kuimba ilipoingia wakawa kama watu watatu wanaozungumza bila kukatizana.

Tena hakurudia kitu kile kile. Alikuwa na maneno ya gitaa, tuseme hivyo, ambayo aliyageuza na kuyapanga upya kila alipozunguka wimbo. Mwanzo, katikati na mwisho wa wimbo vilikuwa na sura mbalimbali, na hata siku mbili za wimbo ule ule hazikufanana. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi, ijapokuwa hakuandika noti hata moja kwenye karatasi.

Ni ajabu kwamba mbali sana, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, jambo lililofanana na hilo lilikuwa likitendeka. Huko aliishi Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1996, mpiga mandolini na mtunzi mashuhuri. Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili, ambayo wapiga taarabu wa Zanzibar nao wameitumia. Bendi ya Monroe iliitwa Blue Grass Boys, na aina yote ya muziki aliouanzisha ikapata jina lake kutokana na bendi hiyo. Mzungu huyo alikiri maisha yake yote kwamba mmoja wa walimu wake wa ujana alikuwa mtu mweusi aitwaye Arnold Shultz, mchimba makaa ya mawe, aliyepiga gitaa kwa vidole katika ngoma za vijijini na aliyefariki mwaka 1931 bila sauti yake kurekodiwa popote. Shultz alikuwa na ufundi, lakini leo hakuna awezaye kuusikia. Tunaujua kwa ushuhuda wa wanafunzi wake tu. Tuliweke jambo hilo moyoni, kwa sababu Mwenda naye angeweza kupotea vivyo hivyo.

SIKU YA MASHINE

Mwezi wa Februari mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey, mkazi wa Afrika ya Kusini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika akiwa na gari lenye mitambo ya kunasa sauti, akirekodi muziki wa wenyeji. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1950, alikuwa amezunguka Tanganyika yetu na kurekodi nyimbo na ala za makabila mengi. Baadaye, mwaka 1954, alianzisha maktaba kubwa ya muziki wa Afrika, ambayo inatunzwa hadi sasa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini.

Tracey alimkuta Mwenda akiwa kijana wa miaka 22 hivi. Alimsikiliza, akatambua kwamba hapo pana kitu, akawasha mitambo. Wakati ule santuri moja iliweza kubeba dakika kama 3 tu kila upande, kwa hiyo mpigaji alipaswa kusema yote aliyokuwa nayo katika dakika hizo. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi wakati huo ulikuwamo wimbo uitwao Masanga. Huo ndio wimbo uliomtambulisha Mwenda kwa ulimwengu, nao ulipewa tuzo ya Osborn ya mwaka 1952, iliyotolewa kwa rekodi bora za muziki wa Kiafrika.

Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg kwa alama ya Gallotone, naye aliendelea kurekodi nyimbo nyingine nyingi kwa muda wa miaka kumi hivi. Kati ya hizo Bombalaka na Mama na Mwana zinajulikana sana. Nyimbo zake zilihusu maisha ya watu wa mjini na wa kijijini: mapenzi, ndoa, jamaa, safari, mawaidha, na mzaha. Kwa kuwa nyingi zilikuwa za Kiswahili, hazikuzuiwa na mpaka wowote kuanzia Lubumbashi hadi Mombasa.

Tunapenda kusisitiza neno moja hapa. Mwenda hakuwa mpigaji peke yake katika Jadotville. Kila mtaa wa wafanyakazi ulikuwa na watu wake, na bila shaka walikuwako wengine wenye vidole vyepesi ambao siku ile walikuwa kazini, au safarini, au waliona haya kusogea karibu na gari la mgeni. Wao hatuwajui. Kati ya Mwenda na wao tofauti ilikuwa kwamba mtu mmoja alisimama, akasikiliza, na akaitunza ile sauti.

NAIROBI

Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi. Aliitwa na kampuni iliyouza vidonge vya Aspro, vile vya kutuliza kichwa, ili nyimbo zake zitangaze dawa hiyo. Wengine watacheka wakisikia kwamba mtunzi mkubwa aliimba habari za vidonge. Lakini hiyo ilikuwa kazi halali, tena ilimpa nafasi ya kusikika katika redio mara kwa mara. Redio ilifika mahali ambapo santuri hazikufika. Vijana wa Kenya, hasa wa upande wa magharibi, walimsikiliza kwa makini wakajaribu kuiga vidole vyake, na upigaji wa gitaa la mkono mmoja katika Kenya ya miaka ile ulibadilika kwa sababu yake.

Ndugu yake Edouard Masengo, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji hodari wa Katanga, alifanya kazi pamoja naye mara nyingi, naye pia alipata sifa kubwa katika Nairobi. Watu wa Afrika Mashariki waliwajua wote wawili, na wengine hata walichanganya majina yao. Mwenda hakukaa Kenya muda mrefu. Alirudi Katanga.

KAZI YA MCHANA

Sasa tumefika mahali ambapo maisha yake yanajibu lile swali letu la mwanzo.

Mtu aliyepewa tuzo, ambaye santuri zake ziliuzwa nchi nyingi na redio zikamwimbisha, tungedhani kwamba alikula na kuvaa kwa gitaa lake. Haikuwa hivyo. Mwenda alikuwa na elimu ya kutosha kushika kalamu, akafanya kazi ya ofisini katika benki, na baadaye katika kampuni ya migodi ya Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière. Asubuhi alikwenda kazini kama karani mwingine yeyote. Baadaye alikuwa pia na bendi aliyoisimamia, na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hakuacha mojawapo ya hayo kwa sababu ya jingine.

Tena miaka ile haikuwa ya amani. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Katanga ilijitangaza kuwa nchi peke yake, na vita vikaendelea hadi Januari 1963. Watu wengi wa kwetu wa pwani ya ziwa wanakumbuka wakimbizi waliovuka kutoka Kongo katika miaka ya sitini, na tena baadaye. Mwaka 1966 miji ilibadilishwa majina. Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi yote ikaitwa Zaire na jimbo la Katanga likaitwa Shaba. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru watu waache majina ya ubatizo ya Kizungu. Mtu aliyejulikana kote kwa jina la Jean Bosco, jina la yule padri wa Torino aliyewafundisha vijana maskini, akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Jina la mji wake, la jimbo lake, la nchi yake na la kwake mwenyewe, yote yalibadilika katika muda usiozidi miaka 6. Gitaa lilibaki lile lile.

Hatupendi kupamba jambo hili kuliko lilivyokuwa. Mtu afanyaye kazi mchana kutwa hana saa nyingi za kutunga. Rekodi zake nyingi ni za miaka kati ya 1952 na 1962, na baada ya hapo zikawa chache. Muziki wa magitaa ya umeme wa Kinshasa ulikuwa umetawala, na vijana wa mijini hawakutaka tena gitaa moja lisilo na umeme. Pengine kama angekuwa na maisha mepesi zaidi tungekuwa na nyimbo nyingi zaidi. Hiyo ni hasara, na wazazi wanaosema kwamba kipaji hakiumizwi na kazi nyingine wasilisahau jambo hilo. Lakini vijana nao wasisahau upande wa pili: mtu huyu alikula kwa jasho la ofisi, akalea nyumba yake, na hakuna aliyeweza kusema kwamba yeye si mwanamuziki. Njia ya tatu tuliyoitaja ndiyo hii. Ina uchovu wake, lakini inapitika.

WATU WALIOMTAFUTA

Wakati kwao alikuwa akionekana mtu wa zamani, mbali walikuwako watu waliomtafuta. Huko London, David Rycroft, mtaalamu wa muziki wa Afrika, alikaa na santuri zake akazisikiliza tena na tena, akaandika kila noti ya vidole vya Mwenda kwenye karatasi. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1961 na 1962 katika jarida la muziki wa Afrika. Kwa njia hiyo Masanga ulisomwa kama vile zinavyosomwa tungo za mabwana wa muziki wa Ulaya, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakajaribu kuupiga, wengi wao wakashindwa kulitembeza gumba kama lake.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani katika tamasha la Newport, ambalo huwakusanya wapigaji na waimbaji wa muziki wa wenyeji. Huko wazee wa milimani wa Marekani walikuwa wakiheshimiwa kwa sababu walihifadhi upigaji wa baba zao. Mtu wa Bunkeya akakaa miongoni mwao na gitaa lake bila kuwa mgeni kwa ufundi.

Mwaka 1979 mpiga gitaa wa Uingereza aitwaye John Low alisafiri hadi Lubumbashi kwa nia ya kukaa miguuni pa wazee wa gitaa wa Katanga, Mwenda akiwamo, ili ajifunze moja kwa moja. Alichojifunza alikiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Na mwaka 1988 Mwenda mwenyewe alirekodi tena nyimbo zake katika Cape Town, Afrika ya Kusini, akiwa na miaka 58 hivi. Rekodi hizo zipo, na mtu akizisikiliza pamoja na zile za 1952 atasikia sauti ya mzee badala ya sauti ya kijana, lakini vidole ni vile vile viwili.

MWISHO WAKE

Mwaka 1990 Mwenda alipata ajali ya gari katika Zambia, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi. Barabara iliwachukua wanamuziki wetu wengi. Salum Abdallah wa Morogoro alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, mwaka 1979. Mwenda aliongezeka katika hesabu hiyo ya huzuni.

Miaka minne baada ya kifo chake, mwaka 1994, zile rekodi za Cape Town zilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder, ambayo inajulikana pia kwa kutoa muziki wa banjo na mandolini wa akina Bill Monroe. Hivyo nyuzi za Katanga na nyuzi za Kentucky zimewekwa na kampuni moja.

TUNACHOJIFUNZA

Ndugu wasomaji, tumesema mengi, na sasa turudi nyumbani.

Kwa wazazi tunasema hivi. Mwana akishika gitaa, msikimbilie kumwambia kwamba ni ulevi na uvivu. Tunafahamu gitaa lilivyopata jina baya kwa sababu lilipigwa kilabuni, na tunafahamu wazee waliokataa lisiingie kanisani kwa miaka mingi. Lakini ala haina kosa. Mwulizeni tu mwana huyo kama atafanya na kazi nyingine, kisha mwacheni apige. Mwenda alikuwa karani na alikuwa mtunzi, na hakuna aliyemlazimisha kuchagua.

Kwa vijana tunasema kwamba kipaji ambacho hakilipi si kipaji kilichokufa. Msivunjike moyo kwa sababu wimbo wenu haujaleta fedha. Pigeni jioni. Jifunzeni vizuri, kwa maana Mwenda hakupata sifa kwa sababu ya bahati peke yake. Mgeni alipofika na mitambo, yeye alikuwa tayari, na kazi ya miaka yote ya nyuma ndiyo iliyosikika katika zile dakika 3.

Na kwetu sote tuna neno la mwisho, ambalo ndilo linalotusumbua zaidi. Katika Mpanda, Mlele, Karema, Ikola, Mishamo, Katumba na vijiji vyote vya mkoa huu wamo wazee wanaopiga. Wako wenye zeze, wako wenye malimba, na wako waliojifunza gitaa kwa namna hiyo hiyo ya vidole viwili kutokana na redio na santuri za miaka ya sitini. Wengine walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine walitoka Burundi, wakaja na nyimbo zao. Sasa wamezeeka, na wengi hawajapiga siku nyingi kwa sababu hakuna anayewaomba. Gari la Hugh Tracey halitakuja tena. Alikufa mwaka 1977. Lakini siku hizi karibu kila nyumba ina simu inayoweza kunasa sauti, na kijana wa darasa la saba anajua kuitumia kuliko sisi.

Basi tunaomba jambo dogo. Mwezi huu, kila mwenye mzee apigaye ala nyumbani kwake au jirani, na amwendee, amsalimu kama inavyostahili, amwombe apige wimbo mmoja. Anase ile sauti, aandike jina la mzee, jina la wimbo, mahali alipojifunza na nani alimfundisha. Aitunze vizuri. Mzee akikataa kwa sababu vidole vimekuwa vigumu, aimbe tu, nayo inatosha.

Arnold Shultz wa Kentucky alikuwa na ufundi kama Mwenda alivyokuwa nao, na leo hatuna hata dakika moja ya sauti yake. Wazee wetu bado wapo, nasi tunaweza kwenda kwao kesho.